Injini ya kupachika ya farasi 15 iliyolala miaka mitatu: nianzie wapi kuifufua?

Kijana wa Shangani, Mtwara

Asalaam alaykum na heri kwenu nyote mnaofanya kazi baharini. Mwezi uliopita nilinunua kwa mtu wa Mikindani injini ya kupachika aina ya Yamaha, nguvu ya farasi 15, silinda mbili, ile ya tustroki ambayo petroli yake huchanganywa na oili. Nilitoa shilingi laki tisa, fedha niliyoiweka kidogo kidogo kwa misimu miwili ya pweza na dagaa, kwa hiyo mtaelewa kwa nini nauliza kabla sijaigusa zaidi. Muuzaji alinieleza kwamba iliwekwa stoo ikiwa nzima, na kwamba haijawashwa tangu boti yake ya faiba ilipopasuka, yapata miaka mitatu sasa. Mimi nina mashua ya mbao ya futi 20 ambayo hadi leo naiendesha kwa tanga, na Kusi linapovuma kwa nguvu hujikuta nasubiri nje hadi jioni huku samaki wakiharibika.

Hali niliyoikuta ni hii. Kamba ya kuwashia inavutika kwa uzito, na nilipoivuta mara mbili nilisikia mkwaruzo upande wa chini, kama mchanga unaosagwa, nikaacha hapo hapo. Plagi zote mbili nimezitoa. Nyuzi zake zina kutu na ncha zake ni nyeusi. Nilipofungua skrubu ya chini ya gia boksi ilitoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Ndani ya kabureta petroli imekauka ikawa na rangi na unato wa utomvu wa mkorosho. Nyaya za swichi ya kuzimia zilikatwa wakati fulani zikaunganishwa tena kwa tepu.

Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa muda mfupi, akaniambia ninunue kabureta mpya, pistoni mbili na ringi zake kabla ya kitu kingine chochote. Gharama hiyo inakaribia bei niliyonunulia injini yenyewe. Naomba ushauri: je, ni kweli kwamba vitu hivyo vimekufa, na nianzie wapi?

Fundi wa Mikindani

Waalaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuacha kuvuta kamba uliposikia mkwaruzo. Kwa miaka niliyokaa na injini hizi, zilizonifia mkononi si zile zilizolala muda mrefu, bali zile ambazo wenyewe walizilazimisha kuwaka siku ya kwanza. Silinda imekauka, kuta zake zimeota kutu nyepesi, ringi zimeganda ndani ya mifereji ya pistoni, kisha mtu anavuta kamba mara hamsini bila tone la oili; kutu ile inageuka kuwa msasa, na injini ambayo jana ilikuwa mgonjwa leo inakuwa maiti.

Kwa hiyo anza kwa kuilainisha. Mimina vijiko viwili vya chai vya oili ya tustroki katika kila silinda kupitia tundu la plagi, iache ilale usiku mzima, kisha siku ya pili ondoa kifuniko cha juu na uzungushe flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya injini, kwa mkono, taratibu, kwa kufuata mwelekeo wa mshale wa saa ukiitazama kutoka juu. Usiizungushe kinyume hata mara moja. Ndani ya pampu ya maji, juu ya gia boksi, kuna impela ya mpira ambayo mabawa yake yamelalia upande mmoja kwa miaka mitatu, na ukiyageuza kwa nguvu yatakatika. Nadhani mkwaruzo uliousikia unatoka huko huko chini, kwenye impela iliyokauka au kwenye beringi za gia zilizokaa ndani ya maji ya chumvi, wala si kwenye pistoni.

Ikizunguka kwa urahisi, pima mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, kabla ya kununua kitu chochote. Kipimo chake utakiazima kwenye gereji ya magari au ya pikipiki. Hakikisha kinaingia kwenye uzi wa milimita 14. Ondoa plagi zote mbili, gusisha nyaya zake kwenye chuma cha injini, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, kisha vuta kamba mara tano kwa nguvu ile ile kwa kila silinda na uandike namba. Injini nyingi za ukubwa huo zikiwa na afya husoma psi 90 au zaidi, lakini mimi hutazama tofauti ya silinda mbili kuliko namba yenyewe: ikiwa moja inasoma 100, nyingine isiwe chini ya 90. Silinda moja ikiwa chini sana, tia kijiko kimoja cha oili humo na upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka au zimeganda. Ikibaki pale pale, shuku gasketi ya kichwa cha silinda. Bila namba hizo hakuna fundi duniani anayeweza kukuambia kwamba pistoni imekufa, na aliyekuambia hivyo kwa kutazama tu amekukosea.

Baada ya mgandamizo, nenda kwenye cheche. Tafuta plagi mpya. Kwa Yamaha nyingi za aina hiyo hutumika NGK B7HS-10, ambayo nafasi kati ya ncha zake ni milimita 1, lakini linganisha na lebo iliyo ndani ya kifuniko ikiwa bado inasomeka. Funga matundu ya silinda kwa kitambaa ili mvuke wa petroli usishike moto, gusisha mwili wa kila plagi kwenye chuma cha injini, na uvute kamba. Usiache waya wa plagi ukining'inia hewani bila kugusa chuma wakati wa kuvuta, kwa kuwa umeme usipopata njia unaweza kuua koili au kile kisanduku cha CDI kinachoongoza cheche, na hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote katika mfumo wa cheche. Unachotafuta ni cheche ya buluu yenye mlio. Usipoiona kabisa, usilaumu koili mapema: chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia na ujaribu tena. Nyaya zilizokatwa na kufungwa tepu, kama ulivyoeleza, ndizo sababu ya kwanza ninayoitazama, kwa maana zikigusana tu injini inajiona imezimwa.

Mambo ya gia boksi nitayaeleza ukileta majibu ya vipimo.

Mpwani wa Kilwa Masoko

Naongeza jambo moja lisilo la spana. Injini za kupachika huibiwa sana katika pwani yetu, na zikiibiwa huuzwa mbali na zilikotoka. Tafuta kibati chenye nambari kwenye bano la kufungia boti, uhakikishe hakijakwanguliwa, kisha uandikishiane na muuzaji hati ya mauziano yenye nambari hiyo mbele ya mtendaji wa mtaa, na uwajulishe viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wako. Ukishafunga injini kwenye mashua iliyokuwa ya tanga, chombo chako kimebadilika, kwa hiyo ufike pia TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, ili ukaguzi na leseni vilingane na hali mpya. Fanya hayo kabla hujatumia fedha nyingine kwa vipuri.

Mama wa Kitunda, Lindi

Mimi si fundi wa kusomea, lakini nina boti mbili hapa Lindi na kwa miaka mingi nimelipa mafundi hadi nikaamua kujifunza kusafisha kabureta mwenyewe, kwa sababu nane kati ya kumi ya safari zilizokwama zilitokana na mafuta. Fundi wa Mikindani ameeleza vizuri upande wa silinda na cheche, nami nakuomba usinunue kabureta. Kabureta ya injini hizi ni kifaa rahisi sana, na utomvu ulioueleza unatoka.

Ifungue juu ya sinia jeupe ili usipoteze vipande vidogo, na upige picha kila hatua kwa simu. Ondoa boya, sindano yake, gasketi na kila kitu cha mpira, kwa kuwa dawa ya kusafishia kabureta na thina huufanya mpira uvimbe. Loweka sehemu za chuma kwenye dawa hiyo usiku mzima, kisha shughulikia zile jeti, yaani skrubu ndogo za shaba zenye tundu katikati. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: wanachukua sindano ya kushonea au waya wa chuma na kulitoboa tundu, nalo linapanuka kidogo tu, kiasi kisichoonekana kwa macho, na tangu siku hiyo injini inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Tumia mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia au uzi mmoja wa waya laini wa shaba, kisha puliza hewa. Inua jeti juani: ukiona duara la mwanga lililo safi pande zote, umemaliza, ukiona umbo la mwezi mchanga, rudia kuloweka. Usisahau tundu dogo kabisa la mwendo wa chini, lililojificha pembeni, maana injini yenye tundu hilo lililoziba huwaka ukiishindilia mafuta na kufa ukiiachia.

Petroli ya zamani usiichanganye na mpya kwa kuona huruma ya fedha, na usiimwage ufukweni. Osha tangi, badilisha chujio, na ukate kipande cha mpira wa mafuta uutazame kwa ndani. Ukiona unapasuka au unatoa ungaunga mweusi, nunua mwingine. Mshale ulio kwenye balbu ya mkono sharti uelekee injini.

Kuhusu oili, nasema kwa mkazo: nunua oili ya tustroki ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Hapa kwetu wapo wanaotia oili ya bodaboda kwa sababu ni nafuu, ilhali ile ni ya injini za forstroki; haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli, na masizi yake ndiyo yanayogandisha ringi. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Kwa tangi la kwanza baada ya usingizi mrefu mimi huongeza oili hadi 25 kwa 1, ambayo ni mililita 40 kwa lita. Moshi utakuwa mwingi na usikutishe.

Kijana wa Shangani, Mtwara

Shikamoo Mzee wangu wa Mikindani, na shikamoo Mama. Namshukuru pia ndugu wa Kilwa Masoko. Nambari ipo, haijaguswa, na tumeandikishiana na muuzaji juzi.

Nimefanya kama mlivyonielekeza. Baada ya oili kulala usiku mmoja flaiwili ilizunguka, ingawa mkwaruzo wa chini ulibaki. Mgandamizo wa siku ya kwanza ulikuwa 95 juu na 88 chini. Nikatia oili tena, nikaacha siku mbili huku nikiizungusha asubuhi na jioni, na jana nimepata 104 juu na 100 chini. Nilipoona namba hizo nilikaa chini kwa furaha, kwa maana nilikuwa nimeshaanza kutafuta fedha za pistoni.

Cheche haikuwapo kabisa katika plagi zote mbili. Nilipochomoa waya wa swichi ya kuzimia, plagi ya juu ilitoa cheche ya buluu, lakini ya chini inatoa cheche dhaifu ya rangi ya machungwa, mara ipo mara haipo. Nilibadilishana plagi, na udhaifu ukabaki chini. Kabureta imeloweka na jeti zote sasa zinapitisha mwanga. Je, niiendeshe bila swichi hiyo, kama wanavyofanya wenzangu wengi hapa?

Fundi wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Namba zako ni nzuri. Pistoni zako ni nzima, na fedha ya ringi itumie kwa mambo mengine.

Udhaifu uliobaki chini baada ya kubadilishana plagi unaonyesha kofia ya plagi au waya wake. Kofia hizo hufunguka kwa kuzungushwa kama skrubu. Ifungue, na ukikuta ndani kuna kutu ya kijani, kata kipande kidogo cha mwisho wa waya, kama milimita 5, hadi uone shaba inayong'aa, kisha uifunge kofia mpya. Paka grisi kidogo kwenye mdomo wake ili maji ya chumvi yasiingie.

Kuhusu swichi, hapana. Nakusihi usiendeshe bila swichi ya kuzimia na kamba yake ya mkononi. Mtu akianguka baharini peke yake na injini inaendelea, mpini hugeukia upande mmoja, boti huanza kuzunguka na kumrudia yule yule aliyeanguka, na propela haichagui. Nunua swichi mpya, uifunge kwa viungo vilivyobanwa na kuzibwa vizuri, si kwa tepu. Kwa majaribio ya nchi kavu unaweza kuizima injini kwa kuvuta choki, ile inayobana hewa ya kabureta, lakini usitoke nayo majini hivyo.

Sasa twende chini. Oili nyeupe maana yake maji yameingia kwenye gia boksi, na kwa boti za wavuvi sababu ya kawaida ni mshipi wa kuvulia. Mshipi uliotupwa hujisokota kwenye shafti nyuma ya propela, unajikaza kwa joto na kuikata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji, taratibu bila mtu kujua. Toa pini, nati na propela utazame hapo kabla ya kufanya lolote. Kisha tenganisha kiungo cha fimbo ya gia, fungua bolti zinazoshikilia gia boksi na uishushe. Bolti ikikataa usiilazimishe: chuma cha pua ndani ya aluminiamu kwa miaka ya chumvi hushikana kama kitu kimoja, na bolti iliyokatikia ndani itakugharimu siku nzima ya kutoboa. Ipulizie dawa ya kulegeza, subiri, ipashe moto ile aluminiamu inayoizunguka, wala si bolti yenyewe, kisha uijaribu kwenda na kurudi robo zamu kwa robo zamu. Hakikisha hakuna petroli jirani unapotumia moto.

Fungua nyumba ya pampu na uhesabu mabawa ya impela. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wa haraka hulisahau: kama bawa limekatika, usiweke impela mpya hadi ulipate lile lililopotea, kwa sababu halikuyeyuka, limepanda na maji na limekwama kwenye bomba au kwenye njia za kupozea, na litakuunguzia injini ikiwa na impela mpya kabisa. Chunga pia kifunguo kidogo kinachoikamata impela kwenye shafti kisianguke mchangani. Unaporudisha, paka grisi, na uzungushe shafti kwa mwelekeo wa saa huku ukiishusha nyumba ya pampu, ili mabawa yalalie upande wake.

Ukishabadilisha sili na kufunga, jaribu gia boksi kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la oili, msukumo mdogo usiozidi psi 10, ukiwa umeizamisha ndani ya maji. Povu likitoka, utaona linapotokea. Kisha jaza oili ya gia kutoka tundu la chini hadi itokeze tundu la juu, si kinyume chake, maana ukijaza kutoka juu hewa hubaki ndani. Beringi zikikwaruza bado baada ya kuoshwa, zilete nizione.

Mama wa Kitunda, Lindi

Fundi ameshataja njia za kupozea, nami naongeza thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea kulingana na joto. Iko chini ya kifuniko kidogo kwenye kichwa cha silinda, na katika injini iliyokaa na chumvi mara nyingi imeganda. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na uyapashe moto. Inapaswa kufunguka mapema, kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine. Wapo wanaoiondoa moja kwa moja na kuendesha bila hiyo. Mimi nilifanya hivyo kwa msimu mzima, na nikajuta: injini haipati joto lake, plagi zinachafuka kila wiki, na petroli inapotea.

Kijana wa Shangani, Mtwara

Mzee wangu, ulisema kweli tupu. Nyuma ya propela kulikuwa na mshipi wa nailoni uliojisokota ukawa kama pete ngumu, na sili ya nje ilikuwa imekatwa nusu ya mzunguko wake. Impela ilikuwa na mabawa matatu pungufu kati ya sita. Vipande viwili nilivikuta ndani ya nyumba ya pampu. Cha tatu nilikitafuta tangu adhuhuri hadi karibu na magharibi, nikakikuta mwishoni mwa bomba la shaba linalopandisha maji. Kama si onyo lako ningefunga na kipande hicho kingebaki humo. Beringi nimezionyesha kwako siku ile, nashukuru kwa kunibadilishia ile moja. Thamostati ilifunguka, baada ya kuiosha kwa siki.

Leo asubuhi nimeifunga kwenye ubao imara, nikaitia ndani ya pipa lililojaa maji hadi juu ya lile bamba lililo juu ya propela, gia ikiwa katikati, propela nikiwa nimeitoa, na kwa kuvuta kamba mara ya saba imewaka. Mchirizi wa maji ulitoka pembeni ndani ya sekunde chache. Moshi ulikuwa mwingi kama Mama alivyosema.

Tatizo lililobaki ni kwamba inaendelea kwa dakika moja, kisha inapoteza nguvu na kuzima. Nikiminya balbu ya mkono inaendelea tena, na nikiacha kuminya inakufa.

Mama wa Kitunda, Lindi

Hongera, mwanangu. Hilo ulilolieleza lina maana moja: mafuta hayafiki yenyewe, na mkono wako unafanya kazi ya pampu. Anza na lisilo na gharama. Fungua skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, tangi linajinyonya na mafuta yanakataa kutoka. Ikiwa iko wazi, tazama viungo vya mpira wa mafuta, hasa kile cha kuchomeka kwenye injini, kwa kuwa pete yake ndogo ya mpira ikichoka inanyonya hewa badala ya petroli, wala hutaona mafuta yakidondoka. Ikiwa vyote ni vizima, basi ni kiwambo cha pampu ya mafuta, kile cha mpira mwembamba kinachotikiswa na pumzi ya injini yenyewe. Kwa miaka mitatu ya ukavu lazima kiwe kimekakamaa. Kinauzwa pamoja na gasketi zake, na unakibadilisha kwa bisibisi. Angalia tu mpangilio wa tabaka zake usiugeuze.

Kijana wa Shangani, Mtwara

Ilikuwa ni kiwambo. Kilipasuka vidoleni mwangu nilipokitoa. Baada ya kuweka kipya injini ilinguruma ndani ya pipa kwa dakika ishirini mfululizo bila mimi kugusa balbu, na niliposhika kichwa cha silinda kilikuwa na joto ambalo mkono unaweza kulivumilia.

Jana alfajiri, maji yakiwa yamejaa na kabla Kusi halijaamka, tulitoka watu wawili tukiwa na jaketi okozi, makasia, nanga, na tanga limekunjwa tayari. Tulikwenda mwendo wa nusu hadi upande wa Msanga Mkuu na kurudi, safari ya muda wa yapata saa moja. Swichi mpya niliijaribu mara tatu kwa kuivuta kamba yake, na kila mara injini ilizima papo hapo. Niliporudi nilitoa plagi: zote mbili zina rangi ya kahawia yenye unyevu kidogo wa oili. Skrubu ya chini ya gia boksi niliilegeza, na tone lililotoka lilikuwa safi.

Swali langu la mwisho: sina maji ya bomba pale mwaloni, na kubeba pipa kila siku ni kazi. Je, kuna namna ya kuiosha injini isiyohitaji hayo?

Fundi wa Mikindani

Rangi hiyo ya plagi ndiyo ninayoitaka. Endelea na mchanganyiko mzito hadi tangi la kwanza liishe, kisha ufuate lebo.

Kwa kuosha, chukua ndoo kubwa ndefu, hata dumu la lita 60 lililokatwa juu, ulichimbie kidogo mchangani ili lisipinduke, na ulijaze maji ya kisima hadi juu ya tundu la kunyonyea maji na nyumba ya pampu. Washa mwendo wa chini kabisa kwa dakika tano, propela ikiwa imetolewa au gia ikiwa katikati, na uongeze maji kadiri yanavyopungua. Kabla ya kuizima, chomoa mpira wa mafuta uiache imalize petroli iliyomo kwenye kabureta na ife yenyewe. Hapo utomvu ule wa mkorosho hautarudi. Kisha isimamishe wima hadi maji yote yatoke, na ndani ya kifuniko upulizie dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima cha karibu sana na bahari yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, kazi hiyo ni bure. Baada ya saa kumi za safari fungua tena skrubu ya gia boksi, na ukiona weupe wowote niletee kabla ya bamvua lijalo.